Mkesha wa Jumanne

Tangu alfajiri simu haijanyamaza.
Sisi mafundi wa Barabara ya Kirinyaga leo ni madaktari wa zamu,
kila mwenye kioo ana homa.
Bati lililokuwa elfu moja Ijumaa
leo ni elfu moja mia sita,
na muuzaji hakutazami usoni,
anatazama nyuma yako: foleni.

Kwanza duka la Hirani, la miwani.
Amefungasha fremu moja moja kwa gazeti la juzi,
ukutani amebakiza lile bango la herufi,
kubwa juu, ndogo chini,
na mimi, bati la mwisho mkononi,
nikajikuta nasoma, jicho moja nimefumba.
Mstari wa tano niliuona. Wa sita ukanishinda.
"Fundi, wewe wahitaji lenzi."
"Baada ya Jumanne," nikamjibu.
Wiki hii kila kitu ni baada ya Jumanne:
mahari, jino bovu, deni la kioski,
hata yule mzee wa orofa ya tatu anayekufa polepole
ameambiwa asubiri.

Kisha kwa Bi Hodan, wa magauni.
Sanamu zake zimevuliwa, zimebebwa kwapani
na vijana wanaopanda ngazi mbio,
uchi, bila vichwa,
moja ikaachia mkono pale kwenye lami.
Mwanamke mmoja akauokota, akawakimbilia:
"Nyinyi! Mmeangusha mkono!"
Tukacheka, barabara nzima.
Halafu kila mtu akakumbuka alichokuwa akifanya.

Jua la saa nane. Jiji linanuka bati lililoungua.
Muthurwa vitunguu ni nusu bei, mradi uvibebe vyote.
Chumvi imekwisha. Mishumaa imekwisha.
Askari wamelala ndani ya lori, kofia usoni,
mmoja wao ameshuka kununua chapati,
akahesabu sarafu, akalipa,
akasema asante kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Ekiru, bawabu wa duka la simu,
amekubali kufungiwa ndani kwa posho ya siku mbili.
Ana chupa ya chai, mkate, redio, ndoo.
"Nichomelee, lakini nitobolee tundu."
"La kupumulia?"
"Hewa itapita tu. La kuchungulia wanaokuja.
Huenda nikawajua."
Nikamkatia tundu la ukubwa wa shilingi ishirini.
Nilipoondoka jicho lake lilikuwa pale tayari.

Nyumbani Jericho, Mghoi yuko mezani,
kalamu ya wino mzito, mkono wa kushoto wazi,
anaandika nambari ya simu juu ya ngozi.
Nambari yangu.
"Mbona yangu?"
"Ndiyo pekee ninayoikumbuka kwa kichwa."
Alimaliza uuguzi. Miezi kumi na saba
vyeti vyake vimelala kwenye bahasha
juu ya kabati, pamoja na sufuria kubwa ya sherehe.
Hatukuzungumza. Tulizungumza Jumapili,
na sahani ilivunjika.
Leo nimefunga milango kumi na mmoja.
Pesa yake ndiyo samaki aliye mbele yetu.

"Baba, niazime miwani yako."
Ile ya kuchomelea, yenye ukanda wa mpira.
"Kesho huna kazi, sivyo?"
Kesho sina kazi.
Akaivaa. Ikamteremka hadi puani.
Mama yake akawa anaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa.

Nikawasha jiko. Nikashika msumari kwa koleo
mpaka ukawa mwekundu,
nikatoboa ukanda, vidole viwili kutoka tundu langu.
Mpira ukafuka moshi, macho yakatuwasha sote,
dirisha likafunguliwa.

"Kile kioo cheusi kiinue juu," nikamwambia.
"Hicho ni cha moto wa karibu. Ubaki na cheupe."
Akajaribu tena, akatikisa kichwa kushoto, kulia.
"Bado?"
"Bado kidogo."
Nikaurudisha msumari motoni.